Mdomo wa Eldho, Sauti ya Tijo

Nilipowaacha Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa ukumbini, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza lipatikane mchana ule, na mdogo wangu amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwa aliyechelewa kunifuata: Eldho alikuwa mdogo wangu wa pekee. Alizaliwa na sindromu ya Down. Haiambukizi, msiniandikie tena kuniuliza. Alikuwa na miaka ishirini na saba siku Hareendran, mwongozaji wa filamu, alipomwona akibishana na konda wa basi la Kothamangalam, mji wa jirani yetu, akasema, "Huyu ndiye steringi wangu."

Akampa kucheza Pathrose, mtu anayeachiwa kibanda cha chai na mama yake, kisha ndugu wanamzunguka wakitaka kumnyang'anya. Haikuwa filamu ya wakubwa. Kamera ilikuwa moja, watu wachache, na wali waliokula ulipikwa jikoni kwetu.

Eldho sasa yuko makaburini nyuma ya kanisa. Ninamwandika ili nisisahau alivyokuwa akisema. Na leo naandika habari ya kunyang'anywa kusema.

Kwetu filamu hupigwa picha kwanza, sauti ikafuata baadaye. Wakati wa kupiga picha hakuna anayesikiliza maneno. Feni linanguruma, kuku wanalia, mwongozaji anapayuka "geuka, tazama mlango, lia sasa", na mwigizaji anasema lolote mradi mdomo utikisike. Miezi baadaye anaitwa studio, anautazama mdomo wake kwenye skrini, anaurudishia maneno.

Eldho alikwenda mjini Kochi, mimi na Mama tukimsindikiza, akafanya kazi hiyo mwenyewe. Hilo nilishawasimulia. Remya, mwanamke anayehariri sauti, alitoka chumbani macho yamelowa akaniambia, "Amemaliza." Nilidhani analia kwa furaha.

Basi projekta ikawashwa. Likaandikwa jina la Eldho, kubwa, peke yake. Ukumbi mzima wa maktaba ya kijiji ukapiga makofi. Akasimama, amevaa msuli mweupe wenye ukingo wa dhahabu, akawapungia watu kama mbunge.

Kisha Pathrose akafungua mdomo kwenye skrini.

Sauti iliyotoka haikuwa ya Eldho.

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu anayejifanya hana. Ya puani kidogo, imevutwa mwishoni, na kila neno limesafishwa likasikika mpaka mlangoni. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha watu waliokuja kumfurahia mtoto wa kwao, na hicho ndicho kilichonichoma.

Eldho akaniachia mkono. Akajishika koo.

"Chechi," alisema. Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Huyo si mimi."

"Subiri kwanza."

"Huyo Tijo."

Alimtambua kabla yangu. Tijo ni mtu wa kuiga sauti. Ukimwalika harusini ataiga mawaziri, atamwiga padri, ataiga kunguru anayegombana na mkewe. Wakati wa kupiga picha alikuwa pamoja na watu wa filamu, akalala kwetu, chumba kimoja na Eldho. Alikula muhogo wetu na samaki wa pilipili. Na mezani alikuwa akimwiga Eldho mbele ya Eldho, na Eldho akicheka mpaka maji yanamtoka puani.

Sisi tulidhani wanacheza.

Nyuma yetu Varkey mwenye duka akapaza sauti, "We Eldho! Kumbe unajua kusema hivyo? Mbona dukani kwangu unanitafunia maneno?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Eldho akasimama tena. "Si mimi!" akapiga kelele. "Si mimi huyo!"

"Kaa chini, staa! Tunaona kisogo chako tu!"

Akakaa. Upande wake wa pili Mama alikuwa akitazama mbele, rozari mkononi. Hakugeuka. Nilifikiri hajaelewa kilichotokea.

Ikafika sehemu ya jeneza, ile iliyosifiwa sana. Mama yake Pathrose amekufa, na Pathrose anaongea naye. Kamera imemsogelea mpaka uso umejaa skrini nzima, haikatwi. Wanawake walianza kulia hata kabla hajasema neno.

"Mama, amka," sauti ya Tijo ikasema. "Chai imechemka."

Sauti ikaisha. Mdomo ukaendelea.

Wakaujazia fidla, ndiyo, lakini mimi nimekuwa nikiusoma mdomo ule tangu Eldho akiwa mtoto, kabla hajaeleweka na yeyote. Mdomo ule haukutaja chai. Ulisema jambo refu, kwa haraka, na jicho moja likipepesa.

Nikamwinamia. "Pale ulisema nini?"

"Nilisema."

"Ndiyo, ulisema nini?"

Akamtazama Mama. Kisha akafunga mdomo, na hakuufungua tena mpaka magunia yalipoondolewa madirishani.

Nje Hareendran alikuwa akipewa mikono. Nilipita katikati ya watu.

"Sauti ya mdogo wangu iko wapi?"

"Dada Shiji! Umeona walivyolia?"

"Nimekuuliza sauti iko wapi."

"Tuongee kesho, tafadhali. Kuna waandishi wa habari hapa."

"Kesho utakuwa umembadilisha na uso?"

Akanivuta kando, ukutani, palipoegeshwa baiskeli. "Nisikilize. Mungu ananiona, tulijaribu. Watu hawamwelewi."

"Watu gani?"

"Watazamaji."

"Varkey anamwelewa. Konda wa basi anamwelewa na anagombana naye kila asubuhi. Padri anamwelewa kitubioni, tena kwenye giza. Hao watazamaji wako wanaishi mwezini?"

"Kuna watu wa tamasha la filamu, dada. Wageni kutoka nje."

"Wageni hawajui neno la lugha yetu hata moja! Wanasoma maandishi chini ya picha. Kwao Eldho na Tijo kuna tofauti gani?"

Akavua miwani akaifuta. "Uso wake uko palepale. Na uso ndio filamu."

"Basi ungechonga kinyago. Kisingekula wali wetu wala kisingekusumbua."

Tijo akatokea anatafuna chipsi za ndizi. Eldho akamwendea moja kwa moja, akanyoosha kiganja.

"Nipe."

"Nikupe nini, bosi wangu? Chipsi?"

"Sauti yangu."

Tijo alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka. "Eldho, hii ni kazi tu. Hata mastaa wakubwa wanawekewa sauti za watu wengine. Wewe sasa uko daraja lao."

"Wanawekewa na mtu aliyelala chumbani mwao?" nilimuuliza.

"Chechi, usinionee. Mimi niliambiwa nyumbani kwenu mmekubali."

"Nyumbani, nani?"

"Tijo," Hareendran alisema, "nenda garini."

"Nani nyumbani, Tijo?"

Eldho akamsukuma Tijo kifuani kwa viganja vyote viwili. Tijo akaenda kinyumenyume akakalia baiskeli ya kwanza, na zote zikalala chini kama miwa iliyopigwa na upepo. Watu wakaja mbio.

"Mnaona?" mmoja akasema. "Wamempa jina, kiburi hicho kimeanza."

"Hawa ukiwapa nafasi hawana shukrani."

Hawa. Sijalisahau neno lile, wala mdomo uliolitoa, na Jumapili huwa namwona mwenye mdomo huo akipokea komunyo.

Mama akatushika wote wawili mikono. "Twendeni nyumbani. Mnanitia aibu mbele ya parokia nzima."

Aliniambia mimi. Tijo hakukaripiwa.

Asubuhi nilipanda basi la Kochi na Eldho. Alikataa kubaki. Njia nzima hakubishana na konda, na konda aliniuliza kama anaumwa.

Remya alipotuona mlangoni alituingiza, akafunga mlango nyuma yetu.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Bado unayo?"

"Ninayo mpaka leo jioni. Nimeambiwa niifute."

"Uifute kwa nini? Kitu usichokitumia si unakiacha tu?"

"Hata mimi nilijiuliza hivyo. Ndipo nikaisikiliza tena."

Akamkalisha Eldho kwenye kiti chake, kile cha kuzunguka. Akabonyeza.

Nayo ikajaa chumba. Ile sauti nzito, ya polepole, inayomeza mwanzo wa neno na kusimama katikati kana kwamba inapanda ngazi. Pathrose akiwafukuza ndugu zake kibandani. Pathrose akimwambia mteja chai si maji ya kunawa. Eldho alicheka utani wake mwenyewe, akajipiga paja.

"Huyo mimi," akasema.

"Ndiyo," Remya alisema. "Huyo wewe."

Kisha jeneza. Remya aliniangalia kwanza, kama mtu anayeuliza kama uko tayari kwa sindano.

"Mama, usinifunge," ilisema sauti ya Eldho. "Moshi, mama. Macho yanauma. Nitanyamaza. Wageni hawatanisikia. Nitanyamaza kabisa. Nifungulie."

Hakuna hata neno moja la hayo kwenye skripti. Naikumbuka siku ile ya kupiga picha. Hareendran alimwambia, "Mwambie mama yako jambo ambalo hujawahi kumwambia. Lolote, sauti tutaweka baadaye." Feni lilikuwa linanguruma. Sote tulisimama nyuma ya kamera tukimsifu kwa ule uso, na hakuna aliyesikiliza alichosema. Miezi baadaye, studio, aliutazama mdomo wake akaurudishia maneno yale yale. Yeye hakujua kudanganya mdomo wake mwenyewe. Hilo aliwaachia wengine.

"Eldho," nilisema, "moshi gani?"

"Wa mpira."

Nyuma ya nyumba yetu kuna chumba cha moshi. Kila mwenye mashamba ya mpira anacho. Unagema utomvu alfajiri, unaugandisha, unaupitisha kwenye mashine ukawa shiti, bapa kama mkeka, unaitundika humo juu ya moto wa makaa mpaka iwe rangi ya asali. Chumba cha mawe, hakina dirisha. Komeo liko nje.

"Ulifungiwa lini?"

"Wageni wa chai wakija."

Nilikaa chini. Sakafuni, maana kiti kilikuwa kimoja.

Wageni wa chai ni mimi walionijia. Kwetu kijana akitafuta mke, wazazi wake na wajomba huja naye kumtazama msichana kwao. Msichana anavaa sari, anatoka na sinia ya chai, anasimama, wanamkagua kuanzia nywele hadi visigino. Wanauliza ekari ngapi, parokia gani. Na wanauliza kama katika ukoo kuna maradhi.

Walikuja wengi. Kila walipokuja Mama alinikaangia ndizi, alinifunga maua kichwani, na nilipouliza Eldho yuko wapi alinijibu, "Amekwenda kwa mjomba, Perumbavoor. Huko kuna televisheni kubwa." Jioni Eldho alirudi macho mekundu, na Mama akasema ni vumbi la barabarani.

Hawakurudi hata mmoja, wale wageni. Alifungiwa bure.

Sentensi hiyo nimeiandika, nikaikata, nimeiandika tena. Eti bure. Hata wangerudi wote, wamenibebea dhahabu mabegani, bado mtoto alikuwa gizani anaahidi kunyamaza.

"Siku ile ya kuingiza sauti," Remya alisema polepole, "ulipotoka kumnunulia sharubati, mama yako aliingia hapa kusikiliza. Alisimama pale pale. Alipoisikia sehemu hii alishika ukuta. Akaomba aongee na Hareendran faragha."

"Na Hareendran akabadilisha filamu nzima?"

"Ukibadilisha sehemu moja tu, kila mtu atajua kuna sauti mbili."

Nikampigia Hareendran palepale. Simu iliita sana.

"Sasa umeshajua," alisema, kabla hata sijamsalimu. "Ulitaka nifanye nini? Mama mtu mzima alinipigia magoti, dada Shiji. Magoti, kwenye sakafu ya studio."

"Na wewe ukaokota kisingizio chini pale alipopiga magoti."

"Prodyuza alikuwa akinisumbua juu ya matamshi," alisema. "Sikatai."

"Kwa hiyo uliniambia watu hawamwelewi, kumbe mlimwelewa. Neno kwa neno. Mlimwelewa ndiyo maana mkamnyamazisha."

"Nilimpa mama yako neno langu. Yeye ndiye anayeweza kunifungua. Akinipigia mwenyewe leo akasema rudisha, Remya anarudisha sauti yote leo hii, naapa, na prodyuza nitamalizana naye. Asipopiga mpaka jioni, inafutwa. Kesho filamu inaondoka kwenda tamashani Thiruvananthapuram."

"Mwenye sauti ni Eldho."

"Eldho ana mlezi, dada."

Akakata.

Mlezi! Mtu aliyebeba filamu nzima mabegani, aliyekaririshwa ukurasa kwa ukurasa, aliyesimama kwenye jua akirudia jambo moja mpaka kamera ikaridhika! Kucheza hakuhitaji mlezi. Kulia hakuhitaji mlezi. Mlezi alitafutwa siku aliposema jambo lenye maana.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa nyuma ya jiko anapasua fenesi. Amejipaka mafuta ya nazi mikononi ili ulimbo usimnate. Chumba cha moshi kilikuwa nyuma ya bega lake, kama kilivyokuwa siku zote, na mimi nilikiona kwa mara ya kwanza.

"Mmekula?" aliuliza.

"Mama, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Moshi."

Kisu kikaendelea. Akatoa kokwa moja, ya pili, akaziweka kwenye bakuli.

"Moto nilikuwa nauzima," alisema. "Siku hizo nilikuwa nauzima tangu asubuhi. Ule ulikuwa moshi wa jana yake uliobaki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nilimwekea maji. Nilimwekea na ndizi mbivu. Wewe unanitazama kama nilimtupa mtoni."

"Ulimfungia na mashiti ya mpira, Mama."

"Ungetaka nifanyeje? Baba yenu alikufa akaniachia msichana wa kuozesha na kijana wa namna ile. Binti wa Kuriakose aliachwa kwa sababu ya shangazi mwenye kifafa. Shangazi, Shiji! Hata si wa nyumba hiyo! Nilikuwa nakutafutia mume, kwa ajili yako mwenyewe."

"Kwa ajili yangu? Usiniweke mimi humo."

"Humo ulikuwemo! Kwa ajili ya nani kama si yako?"

"Ungemwacha akae sebuleni."

"Asingekaa. Unamjua. Angewasalimia mmoja mmoja, angewashika mashavu, angewauliza wameleta halua au wamekuja mikono mitupu."

"Ndiyo!" nilipiga kelele. "Ndiyo, angewauliza! Na asiyeweza kujibu swali hilo angeondoka mapema tukala ndizi zetu wenyewe!"

Sikuwahi kumpigia Mama kelele kabla ya siku ile. Jirani walitoka barazani. Nikawaona, nikaendelea.

"Umemfungia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mdogo, na kulikuwa na wageni. Sasa ni mtu mzima, jina lake limeandikwa kwenye skrini watu wakalipigia makofi, na umemfungia tena. Wa safari hii ni wageni gani, Mama?"

"Wa kanisani!" Akatupa kisu kwenye bakuli. "Hao wanaoniita mtakatifu! Kila Jumapili wananiambia, Mariyamma, Mungu atakulipa kwa huyu mtoto. Miaka yote, mtakatifu, mtakatifu. Wakisikia yale, nitaingia mlango gani?"

Hatukumwona Eldho alipokuja. Alikuwa amesimama kizingitini, ameshabadilisha shati. Mama akamwita kwa mkono, na alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Ile filamu. Unataka watu wote wasikie ulivyosema? Varkey asikie? Padri asikie? Wamseme mama yako?"

Eldho alifikiri. Alikuwa akifikiri kwa uso wake wote, ungeweza kuona.

"Ni sauti yangu," alisema.

"Najua ni yako. Nakuuliza, unataka mama aaibike?"

"Mama, usilie."

Akainua pembe ya msuli wake akampangusa machozi, kwanza jicho moja, halafu lingine, kwa uangalifu, kama mtu anayefuta glasi. Kisha akasema, "Piga simu."

Mama akajifuta mafuta kwenye gazeti, kidole kwa kidole. Akaniambia, "Nitafutie namba yake."

Nikaitafuta. Niliweka simu kiganjani mwake nikajiambia, tumeshinda, Remya hajafuta, jua bado liko juu.

"Hareendran, mwanangu," alisema Mama. "Ni mimi, Mariyamma."

Alisikiliza. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yule wa upande wa pili anamwona. Alimtazama Eldho aliyekuwa amechuchumaa mbele yake.

"Futa," alisema.

Eldho akampokonya simu.

Sikuwahi kumwona akinyang'anya kitu mkononi mwa Mama. Aliinuka, akarudi nyuma hatua kadhaa ili asifikiwe, akaiweka simu sikioni kwa mikono miwili.

"Hareendran. Mimi Eldho. Usifute. Sauti yangu. Irudishe."

Alisema vizuri. Nawaapia. Hao jirani barazani walisikia, kila mmoja, na kila mmoja alielewa, maana waligeuza nyuso.

Simu yetu ilikuwa na kelele, mtu wa pili unamsikia ukiwa mbali.

"Halo?" Hareendran alikuwa akisema. "Halo? Nani anaongea?"

"Mimi. Eldho."

"Sikuelewi. Sielewi kitu. Mpe dada yako simu."

Eldho akaondoa simu sikioni. Akaitazama. Kisha akaninyooshea.

Mama alikuwa akinitazama. Jirani walikuwa wakinitazama. Neno lenyewe lilikuwa fupi, nami nilikuwa nalo tayari mdomoni, kama nilivyokuwa nalo maisha yangu yote: Eldho anasema, Shiji anarudia. Eldho anasema, Shiji anarudia. Dukani, hospitalini, kanisani. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Nikaurudisha nyuma ya mgongo.

"Hajaniuliza mimi," nilisema. "Amekuuliza wewe. Mwambie tena."

"Shiji," Mama alinong'ona, "utaharibu."

"Halo?" ilisema simu. "Dada Shiji, uko hapo? Remya ananisubiri kwenye laini nyingine. Nakata."

Eldho akairudisha simu sikioni, akavuta pumzi.